Birika Lisilojua Utani

Birika halikuwa na ubovu. Nilijua tangu Mwajabu alipolitua mezani, maana mwenye chombo kibovu hukibwaga huku anakitukana, na yeye alilitua kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto.

"Za saa hizi, shemeji."

"Njema, shemeji. Limefanya nini?"

"Halichemshi."

Nikalichomeka. Likachemka. Likapiga mluzi, kisha likasema kwa ile sauti nzito ya mwanamke aliyekula akashiba: "Maji tayari, Mwajabu. Na chai ya asubuhi hukunywa."

Benchi zima likacheka. Benchi langu halikosi watu. Wapo wenye vyombo, wapo waliosindikiza vyombo vya wenzao, na wapo wasio na chombo wala sababu, wanakuja kusikia nani kaachwa na nani kahamia kwa nani. Ubao juu ya mlango unasema FUNDI KOMPYUTA na si uongo, ila kompyuta zenyewe siku hizi zimejificha: ziko ndani ya birika, ndani ya pasi, ndani ya kitanda cha mtoto. Mwezi huu huu nimefungua friji lililogoma kufunguka mpaka liambiwe nani kala maini. Nimefungua pasi iliyokataa kunyoosha shati la harusi kwa sababu haijapata apdeti, na bwana harusi kasimama hapo hapo na kaptula. Zamani kitu kikiharibika kilinyamaza, ukajua kazi ipo. Siku hizi kikiharibika ndiyo kinazidi kuongea, na mwenye nacho anakuja amevimba, anataka nimwambie kati yake na birika nani mkosaji. Kulehemu nilijifunza kwa kuangalia watu. Usuluhishi hakuna aliyenifundisha. Nimechoka, lakini nikifunga duka habari nitazisikia wapi?

"Mbona linachemka," nikamwambia Mwajabu.

"Liangalie ndani, shemeji." Alisema polepole, akilitazama birika badala ya kunitazama mimi. "Nje halina neno."

Akatupa jicho barabarani, akakaza mtandio, akatoka kwa mlango wa nyuma unaopitia kwa muuza mkaa. Hakuna mtu anayetoka kwangu kwa mlango ule, una masizi. Nikaanza kujiuliza, na sijafika mbali na kujiuliza kwangu mumewe akaingia kwa mlango wa mbele.

"Mzaramo! Hujafa tu? Mimi sanda nimeshanunua, na pilau la msiba wako nimeshawaahidi watu."

Huyo ndiye Kasanda, Mnyamwezi wa Urambo, mtani wangu. Na si wangu peke yangu. Hapa Mji Mpya, Morogoro, sisi Wazaramo na Waluguru tumejaa, na Mnyamwezi kwetu sote ni mtani wa tangu mababu, kwa hiyo Kasanda ana ruhusa ya kumtukana nusu ya mtaa na nusu ya mtaa ina ruhusa ya kumrudishia. Hata mkewe, Mluguru, ni mtani wake.

"Hiyo sanda jipime wewe kwanza," nikamjibu. "Ila haitakutosha. Miguu yenu ilirefuka kwa kubeba mizigo ya watu."

Kwenye ncha ya benchi alikaa mteja mgeni, mama mmoja kutoka Dodoma, na jiko lake la wali magotini. Aliposikia neno sanda akalikumbatia, akainua macho kwenye taa nyekundu iliyo juu ya mlango wangu, taa iliyo juu ya kila mlango nchini, akasubiri iwake. Friji nililokuwa nimelifumua likakohoa. Kisha likasema tu, "Watani hao," likanyamaza.

"Makubwa," yule mama akasema. "Kwetu Shangazi angeshawasha taa na kuita mgambo."

"Shangazi wa huku amesoma, mama," Kasanda akajipiga kifua. "Na mwalimu wake ni mimi."

Ni kweli. Shangazi ana jina la kiwandani, refu, hakuna anayelikumbuka. Watu walimwita Shangazi tangu alipoletwa kwa sababu anasikia kila kitu na ana la kusema juu ya kila kitu. Sheria ikataka awemo katika kila chombo chenye waya: akisikia mtu anamtishia mwenzake akohoe, aseme "Jamani, tuongee taratibu," na asiposikilizwa afungue mlango, awashe taa nyekundu, aite mgambo. Kusema kweli aliokoa watu. Majirani walizoea kukimbilia kwenye taa kabla hata mgambo hajafunga kamba za viatu.

Lakini Shangazi alilelewa kiwandani, mtani hamjui. Mwaka ule alipokuja tulizika kimyakimya kama tunaiba. Mtani akijilaza mbele ya jeneza akasema halipiti, taa inawaka. Mtani akiwaambia wafiwa afadhali mzee wenu amekufa, alikuwa anamaliza ugoro wa mtaa, mgambo huyo. Jamaa mmoja alilala rumande kwa maneno ambayo babu yake alikuwa akishangiliwa nayo. Ndipo mtaa ukaja hapa, akina mama kwa akina baba: fundi, mfundishe.

Nikamfundisha. Niliweka redio moja mbovu mezani, nikamkalisha Kasanda na watani wenzake mbele yake, wakatukanana mpaka sauti zikakauka, na mimi kila tusi nikalibandika alama: utani, utani, utani. Somo nilikipa chombo kimoja tu. Mengine Shangazi walimaliza wenyewe, maana Shangazi wa chombo hiki humnong'oneza Shangazi wa chombo cha jirani, ukuta kwa ukuta. Umbeya ndiyo shule yao, na kwa hilo nawaheshimu. Kulipokucha mtaa mzima ulikuwa unajua utani, na sauti iliyowafundisha zaidi ya zote ilikuwa ya Kasanda.

*

Siku hiyo alasiri ilikuwa arobaini ya Bi Kidawa, muuza vitumbua, na Kasanda ndiye mkuu wa watani. Alikaa karibu yangu kabisa, magoti yakigusa meza, anamsimulia mama wa Dodoma atakavyowafanyia wafiwa.

"Nitavaa khanga zake. Nitatembea kama yeye, na kiuno chake kile cha upande."

"Utamkasirisha marehemu," mama yule akacheka.

"Marehemu alinikopesha vitumbua bila kukasirika, atakasirikia kiuno?"

Nikafungua kitako cha birika. Macho ya Kasanda yakashuka. "Hilo si letu hilo?"

"Mkeo kaleta. Halichemshi."

"Waluguru bwana, hata maji wanaunguza," akasema, akamgeukia tena msikilizaji wake.

Nikaunganisha waya kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni. Shangazi hatunzi kila neno, anatunza yale tu yaliyomshtua, pamoja na uamuzi wake. Orodha ikajaa skrini: utani, utani, utani, utani. Mwanafunzi mzuri, nikajisemea. Nikabonyeza la juu ili tu nijue kama kipaza sauti kinafanya kazi.

Sauti ya Kasanda. *Nitakuzika, na hakuna atakayeuliza.*

Maneno hayo nayajua. Nimeyasikia kwenye misiba, watu wakianguka chini kwa kicheko, wakishikana mabega. Niliyabandika alama kwa mkono wangu. Lakini kwenye hedifoni, baada ya maneno, hakukuja kitu. Bomba lilidondosha tone. Kiti kilisogezwa. Mtu alivuta pumzi akaibakiza kifuani. Kisha Shangazi akasema kwa upole, ndani ya jiko lile lenye watu wawili tu, "Watani hao."

Nikabonyeza la pili. Nikabonyeza la katikati. Kwenye moja kitu cha udongo kilivunjika, kisha kitu kisicho cha udongo kikagonga ukuta, na mwanamke akasema "basi" kwa sauti ndogo. Watani hao. Nikatazama tarehe, na tarehe hizo nazikumbuka kwa misiba yake: msiba wa mzee wa mashine ya kusaga, msiba wa pacha wa mwalimu. Siku ambazo Kasanda alituchekesha zaidi ndizo siku ambazo Mwajabu aliponea chupuchupu.

Nikainua macho. Kwa sababu masikio yalikuwa yamezibwa, nikaona tu mdomo wa Kasanda unakwenda, na benchi zima limefunua meno, mama wa Dodoma anajifuta machozi, na hakuna sauti.

Akanichomoa hedifoni sikio moja. "Unasikiliza nini, Mzaramo? Umekunja uso kama umelamba ndimu."

"Kelele. Kuna mahali pamelegea."

"Kaza basi."

"Nitakaza," nikasema.

*

Kwa Bi Kidawa turubai lilikuwa limeshafungwa na moshi umetanda. Nikazunguka nyuma, kwenye mafiga, mahali pasipo na chombo hata kimoja chenye waya. Dada yangu Mwanakombo alikuwa juu ya sufuria na mwiko mrefu kama kasia.

"Kaka, mwanaume jikoni! Umekuja kugombania ukoko na watoto?"

"Namtafuta shemeji."

Mwajabu alikuwa anachambua mchele. Aliniona, akajipangusa mikono, akaja mpaka kwenye kuni. Nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimeangalia ndani."

Akatoa punje ya mchele iliyonasa kwenye mkono wa gauni, akaitazama. "Basi nataka unirudishie birika lisilojua utani."

"Shemeji, nikikupa jipya leo, kesho litakuwa limeshasikia kwa jirani. Ndivyo walivyo. Kulitoa somo kwako ni kulitoa mtaa mzima." Nikamwonyesha turubai, viti, watu wanaoingia na ndoo na makofia. "Watani wako njiani. Nikilitoa sasa, mgambo wataondoka na nusu ya msiba."

"Najua. Ndiyo maana nilikaa nalo muda wote huu."

"Kwa mwenyekiti wa mtaa ulikwenda?"

"Nilikwenda. Aliniuliza nimesikia wapi mtu anamshitaki mtani wake. Akaliuliza na friji lake. Friji likasema utani." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka kuliko mimi. "Zamani ningebishana na watu, shemeji. Watu wanaona haya, mmoja angeniamini. Sasa nabishana na birika, na birika lina sauti ya mume wangu ndani yake."

"Unataka mgambo wamchukue?"

"Huko mbele sijui ninachotaka. Kwa leo nataka akisema, kitu kimoja ndani ya nyumba ile kiseme hicho si kichekesho. Hata kama ni birika."

Mimi kazi yangu ni kuchomoa kipande kibovu nikaweka kizima. Hapa kipande kilikuwa kizima, kilikuwa kinafanya kile kile nilichokiambia kifanye, na mtaa mzima ulikuwa umenipigia makofi kwa ajili yake.

Mwanakombo alijifanya anakoroga, lakini mwiko ulikuwa umesimama. Alipoongea hakutugeukia.

"Utani wa watu wawili, mlango umefungwa, huo umeuona wapi, kaka? Mtani anakutukana mbele za watu, watu wacheke, na wewe umrudishie. Akikufuata jikoni kwako usiku na hakuna wa kucheka, huyo ametoka kwenye utani. Hao mashangazi zako hawakuambiwa hilo?"

"Hawakuambiwa."

"Waambie. Si wewe unayekula sifa mtaa mzima?"

*

Nililirudia duka nikalikuta benchi tupu, watu wote wako msibani. Nisingependa kufanya kazi hiyo peke yangu, lakini ndivyo ilivyotokea.

Kuandika kwenyewe kulikuwa kwepesi. Maneno ya utani yabaki utani, ila kwa sharti moja: kicheko kisikike kutoka koo lisilo la msemaji, hapo hapo, kabla maneno hayajapoa. Kisiposikika, Shangazi arudi kwenye malezi yake ya kiwandani. Ugumu ulikuwa mwingine. Kwenye skrini kicheko na kilio vinafanana kama mtu na mdogo wake. Vyote ni pumzi zinazokatika. Kumtenganishia Shangazi vitu hivyo kunataka majaribio ya wiki, na nilikuwa nataka kumtia somo lile siku ya arobaini, ambapo watu wanalia na kucheka kwa mdomo ule ule. Akikosea, Kasanda na wenzake watalala rumande kwa kazi waliyorithi, na atakayekuwa amewapeleka ni mimi. Bi Kidawa alinilisha vitumbua tangu nina meno ya utoto. Alistahili kuondolewa matanga kwa shangwe.

Ningeweza kungoja kesho. Nilikaa na wazo hilo, nikalipenda. Kesho msiba umekwisha, mtaa umetulia, naingiza somo jipya na hakuna anayejua. Kisha nikaziona tena zile tarehe. Leo Kasanda atawavunja watu mbavu mpaka jua linazama, na baada ya hapo atakwenda nyumbani.

Nikabonyeza.

Friji lililofumuliwa likanyamaza kidogo, kama mtu aliyeambiwa siri. Likamnong'oneza redio ya kinyozi. Redio ikamwambia feni ya mshona nguo. Niliona kwenye skrini somo linavuka ukuta kwa ukuta, linaruka barabara, linaingia kwa muuza mkaa, linafika chini ya turubai, kwenye spika kubwa ya kukodi iliyokuwa inasoma dua.

*

Kasanda alikuwa mzuri siku ile, siwezi kumnyima haki yake. Aliingia na khanga za Bi Kidawa, kiuno upande, chujio la mafuta mkononi, akawapita watu akiwadai madeni ya vitumbua ambayo kila mmoja alijua ni ya kweli. Wazee walishika mbavu. Spika ilikaa kimya, kila kicheko kikifika kwa wakati wake, nami nikaanza kupumua.

Kisha akasimama mbele ya Shomari, mtoto wa marehemu.

"Wewe ndiye uliyemuua kwa ubahili wako. Leo tunakufukia hapa hapa, ukamwombe radhi."

Shomari alitakiwa amrudishie. Ndivyo inavyokwenda. Badala yake mdomo ukamtetemeka, akajifunika uso, akalia kwa sauti, na watu wote wakanyamaza kwa kumhurumia.

Spika ikakohoa. "Jamani, tuongee taratibu."

Watu waliinua macho kwenye taa iliyo juu ya mlango wa Bi Kidawa. Mzee mmoja akaanza kutafuta ndala zake kwa mguu. Kasanda alibaki mkono hewani na chujio lake, na mimi nikawa nawaza nitasimama vipi mbele ya mgambo niwaambie kosa ni langu.

Ndipo Mwanakombo akacheka kule jikoni. Hakikuwa kicheko kizuri, kilikuwa kama mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, lakini kilikuwa kikubwa. Wanawake wenzake wakamcheka yeye kwa kicheko hicho, turubai likawacheka wao, na mwishowe Shomari mwenyewe, makamasi yanamtoka, akacheka akamtupia Kasanda kiatu.

"Watani hao," spika ikasema.

Watu wakashangilia kama timu imefunga. Kasanda hakushangilia. Aliitazama spika muda mrefu, kama mwalimu anayemsikia mwanafunzi wake akijibu kitu ambacho hakumfundisha. Kisha akageuka, akanitafuta mimi kwenye kundi, akanipata.

*

Jua lilikuwa linashuka nilipofungua tena duka. Mwanakombo alipita na sufuria kichwani, hakusimama, akasema kama anayetaja bei ya nyanya: "Mwajabu yuko kwangu. Atalala kwangu. Birika lake mwenyewe atalifuata akitaka." Akaenda zake.

Hajamaliza hata kukata kona, taa nyekundu ikawaka ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya kiongozi wa kwaya, mtu ambaye wanawake wa mtaa huu walikuwa wakiwatolea mfano waume zao. Mimi ninayejua nani kaunguza wali na nani kaiba soksi, hilo la kumtishia mkewe ndani sikuwa nalijua. Watu wakakimbilia kule. Mimi nilibaki nimekaa.

Kasanda aliingia bila kunisalimia kwa sanda wala jeneza. Alikuwa bado amefunga khanga moja ya Bi Kidawa begani.

"Umemfundisha nini mwanafunzi wangu?"

"Kusikiliza na wengine."

"Mimi simtoshi?"

"Ulikuwa unamtosha."

Akakaa kwenye benchi, peke yake kwenye benchi zima, akapitisha kiganja kwenye ubao ambao yeye na mimi tuliupiga misumari. Akanitazama kama mtu anayetaka kuanza upya.

"Nyumbani kumefungwa. Mke wangu yuko wapi?"

"Sijui."

Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya benchi lile. Tulilisikia wote wawili likianguka.

"Wewe?" Akacheka kidogo kwa pua. "Wewe unayejua kuku wa nani kataga kwa nani? Fundi. Yuko wapi?"

"Sijui, Kasanda."

Akainama mbele, viwiko juu ya magoti, uso wake karibu na wangu. "Mzaramo, nitavunja hiyo mikono ya kuchokonoachokonoa vitu vya watu. Nitavunja kidole kimoja kimoja, uje ulishwe uji na dada yako." Kisha akafunua meno yote, akakaa hivyo, akanisubiri.

Friji likakohoa nyuma yangu. "Jamani, tuongee taratibu."

"Cheka," akasema kwa sauti ya chini. Meno bado nje. "Cheka, fundi. Ni utani huo. Wewe si mtani wangu?"

Alikuwa ameshaelewa. Chini ya turubai alimsikia Mwanakombo anacheka kimbuzi, akaona spika inaridhika, akajua kinachotakiwa ni koo la pili tu, haijalishi limechekeshwa au limelazimishwa. Nilichokuwa nimekijenga mchana kutwa alikuwa amekifungua kwa neno moja. Nikamfikiria Mwajabu jikoni kwake, anaambiwa neno hilo hilo kwa sauti hiyo hiyo, na birika linasikiliza, linangoja acheke. Kesho itabidi nimfumue Shangazi upya. Nitampa sharti lingine, na huyu atajifunza kulipita, nitampa lingine tena, na mtaa utakuwa unanidai niuachie utani wake wakati huo huo. Nilisikia uchovu unanipanda kutoka kwenye nyayo.

Nikamtazama usoni nikitafuta utani. Huenda ulikuwemo. Miaka yote hiyo tumecheka pamoja, na hata wakati ule kicheko kilikuwa kimeshafika kooni chenyewe, kwa mazoea tu, kinaomba njia.

Nikakinyima.

Taa ikawaka. Mlango wangu, ambao ulikuwa wazi tangu mwanzo, ukajaribu kufunguka zaidi ukagonga ukuta. Kasanda alirudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa rafu ya mapasi, wekundu ukimjaa usoni na kwenye khanga.

Ng'ambo ya barabara watu waligeuka kutoka kwa kiongozi wa kwaya, wakashangaa kuona taa ni ya kwa fundi. Wakaanza kuja, wengine na sahani za pilau mkononi, wakiulizana kwa sauti kuna nini. Niliinuka, nikaondoa redio na majiko yaliyokuwa juu ya viti, nikayapanga chini, ili wote wapate pa kukaa.